Jua la Kilo Saba

Kinyozi alikuwa amemfikisha Kiyoyozi nusu ya kidevu, upande mmoja povu na upande wa pili ngozi, pale redio ilipotangaza habari iliyomfanya ainuke kitini wembe ungali shingoni.

"Wee! Unataka nikuchinje?" kinyozi akafoka.

"Nyamaza kidogo, ndugu yangu. Hebu sikiliza."

Redio ilikuwa inasema kwamba wakubwa wameamua kuongeza umeme wa jua, ila safari hii mashamba ya watu hayaguswi na miti haikatwi. Paneli zitawekwa mahali palipokwisha kujengwa: juu ya mapaa, juu ya maegesho ya magari, juu ya masoko na maghala. Pale pale palipokwisha kumwagwa saruji, ndipo umeme utakapovunwa.

"Maneno tu hayo," kinyozi akasema, akimkandamiza kitini. "Paa langu mimi linavuja. Watavuna nini, maji?"

Kiyoyozi alikuwa ametoa macho dirishani. Mtaa mzima ulikuwa mapaa bapa, moja baada ya jingine, yamelala juani tangu asubuhi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anayatapeli. Kwa mtu mwenye uchungu na kazi yake, jambo kama hilo linauma.

Jina la Kiyoyozi alipewa na watu aliowahi kuwaliza. Ukimwendea umechemka, unataka haki yako na shati lake juu, anakushika bega, anakuita mzee wangu au mama yangu, na kabla hujajua umekaa kitako, umepoa, na unamkopesha nauli. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kupiga mtu, hakuwahi kuvunja mlango. Watu walimfungulia wenyewe, wakamwambia karibu.

Tena alikuwa na mwiko mmoja mkubwa. Aliyemfundisha kazi alimwambia: "Mwanangu, usinywe kwa mtu unayemnywa. Ukishakula chumvi yake, mkono utatetemeka ukiingia mfukoni mwake." Kiyoyozi aliushika mwiko huo kuliko watu wengine wanavyoshika dini. Nyumbani kwa mteja hakugusa chai, hakugusa soda, hata maji ya kunywa alikataa, na kisingizio chake kilikuwa kimoja siku zote: daktari.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuharakisha, na sababu hiyo ilikuwa dada yake.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyempa chumba cha uani, na ndiye ambaye Kiyoyozi aliiuza cherehani yake ili aingie kwenye biashara ya kuku watagao mayai yenye viini viwili. Kuku walikuja. Walitaga kwa wiki moja, kiini kimoja kimoja tena cha shida, kisha wakafa wote kama walioambizana. Sasa dada alikuwa na kazi ya kushona sare za shule nzima, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alikuwa anashona kwa mkono, taa imemkaribia usoni, vidole vimejaa matundu ya sindano.

Hakumtukana nduguye. Angemtukana, Kiyoyozi angemjibu, wangeyamaliza. Alinyamaza tu akashona, na ule unyamavu ulimfanya mdogo wake ashindwe kumeza chakula. Akaapa mbele yake: cherehani mpya itaingia humu ndani kabla kengele ya shule haijalia.

"Sawa," dada alisema, akaendelea kushona.

Basi, alipotoka kwa kinyozi, Kiyoyozi aliingia chumbani kwa dada yake, akavuta kutoka uvunguni mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu yake, yenye waridi jekundu limechorwa katikati. Dada aliinunua mwaka alioamua kupungua, akapanda mara moja, akaisukuma uvunguni na hakutaka kuiona tena. Kiyoyozi akaifuta vumbi, akaazima sinia la bati jikoni, akafunga tai. Mhandisi alikuwa amezaliwa.

Aliyeanza naye alikuwa Bwana Risiti. Huyu alikuwa na ghorofa la wapangaji na kiwanja cha kuegesha magari pembeni yake, na hakuna kitu ambacho hakukitoza. Ukiegemea ukuta wake kwa muda mrefu, anakuja na kitabu. Wapangaji wake walilipia ngazi, na yeye alishikilia kwamba kupanda na kushuka ni safari mbili.

"Shirika gani?" Bwana Risiti aliuliza pale ngazini, akimtazama mgeni kuanzia kwenye tai kwenda chini.

"Shirika la Kuamsha Mapaa, mzee wangu."

"Kwani mapaa yamelala?"

"Lako linakoroma. Nimelisikia kutoka barabarani."

Wakapanda juu. Kiyoyozi akaweka mizani chini, akaweka sinia juu ya mizani, akalielekeza angani kwa adabu zote. "Sasa mzee, fumba macho. Jua likipimwa linarusha cheche, zinaharibu mboni."

Bwana Risiti akafumba. Kiyoyozi akakanyaga ukingo wa mizani kwa ncha ya kiatu, akasubiri, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyeshuhudia muujiza. "Fumbua. Kilo tano. Jua lako lina kilo tano kamili!"

"Kilo tano!" Bwana Risiti akashika kiuno. Miaka yote ile jua lilikuwa linatua kwenye paa lake na hajawahi kulitoza. "Na huwa linapita tu hivi hivi?"

"Bure kabisa. Ila ukilipa ada ndogo ya kuamsha, shirika linakuja, linaweka paneli, na kila mwezi unapokea kodi ya jua mpaka wajukuu zako wachoke kupokea."

Bwana Risiti akaagiza soda ya baridi iletwe, jambo ambalo wapangaji wake walilizungumza kwa wiki nzima. Mgeni akaikataa. "Daktari amenikataza sukari, mzee wangu." Akapokea bahasha tu.

Wa pili alikuwa Bi Mkubwa wa bekari, mjane mnene mwenye mikono ya unga na paa pana kuliko yote mtaani. Yeye hakuuliza habari za wajukuu. Aliuliza habari za tanuri, maana umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara na mikate inamdodea mbichi.

"Na usiku je, jua likilala?"

"Usiku tunatumia la mchana lililobaki, mama yangu. Linawekwa akiba kwenye betri." Kiyoyozi alibuni tu, hakujua kwamba hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa amesema kweli.

Sinia likawekwa, Bi Mkubwa akafumba macho, kiatu kikafanya kazi yake. "Kilo saba, mama! Sijawahi kuona! Hili si jua, hili ni ng'ombe!"

Bi Mkubwa akacheka mpaka unga ukamruka kifuani. "Basi shuka, kaa hapo, unywe chai. Nimetoa mkate sasa hivi."

Wakashuka. Ule mkate ulikuwa unatoa mvuke. Tumbo la Kiyoyozi likanguruma kwa sauti, likamwaibisha. Lakini mwiko ni mwiko. "Ahsante, mama. Daktari amenikataza sukari."

"Nitakupa isiyo na sukari."

"Amenikataza na maji ya moto."

"Ya baridi yapo kwenye mtungi."

"Hayo ndiyo aliyoyakataza kwanza."

Bi Mkubwa akamtazama yule mtu aliyelowa jasho kuanzia kola mpaka soksi, midomo imekauka, anakataa hata maji. Akatabasamu, akaingia ndani, akaleta bahasha. "Haya, mwanangu. Nenda salama." Kiyoyozi alimbariki kwa moyo wake wote. Ni nadra kukutana na mteja mwepesi namna hiyo.

Kazi ikashika moto. Habari kwamba bekari ina kilo saba ilimfikia Bwana Risiti kabla ya adhuhuri, naye akaja barabarani akihema.

"Mimi tano, yule mama saba? Si jua ni lile lile?"

"Jua ni lile lile, mzee. Paa ndilo lina mapokezi tofauti. Ila ipo ada ya kunenepesha."

Akalipia unene. Mwenye duka la dawa naye akalipa, akataka jua lake lipimwe mara tatu kwa sababu, alisema, yeye ni mtu wa sayansi. Mwenye ghala la magodoro alifukuza paka wake juu ya paa wasimpunguzie uzito. Kinyozi, yule yule aliyesema maneno tu, alimfunga mteja kitambaa shingoni, akamwacha pale pale, akakimbia na ngazi. Watu wakaanza kusalimiana kwa kilo. "Hujambo jirani, una ngapi?" "Sita na robo, namshukuru Mungu." Na kote Kiyoyozi alipopita alikataa chai, soda, maji na uji, mpaka mtaa ukaanza kumhurumia kwa ugonjwa wake.

Mwisho wa juma mkoba ulikuwa umevimba. Kiyoyozi alisimama mbele ya duka la vyombo, pua yake imegusa kioo, anatazama cherehani. Ilikuwa nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni na mota yake kabisa, haina haja ya kukanyagwa. Alimwona dada yake ameketi mbele yake, na macho yakamlowa, ndiyo, mjanja mzima analia mbele ya dirisha la duka. Alishika kitasa cha mlango. Kisha akafikiri: niende kwanza nyumbani nikamchukue, aje achague mwenyewe.

Ilikuwa fikra nzuri. Fikra nzuri zimewaponza wengi.

Nyumbani alikuta mgeni. Mwanamke nadhifu, suti ya kijivu, miwani mikubwa, mkoba wa ngozi magotini. Dada alikuwa ameketi mkabala naye na sare za shule, anashona.

"Wewe ndiye Mhandisi?" mgeni akauliza. "Tumekutafuta mji mzima. Natoka Shirika la Kuamsha Mapaa."

Kiyoyozi alikaa juu ya rundo la sare. Shirika la Kuamsha Mapaa alilibuni yeye, kwenye ngazi za Bwana Risiti, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.

"Shirika lipo?" sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Kwani ulidhani unafanya kazi ya nani?" mwenye miwani akacheka kistaarabu. "Wakubwa wangu wamestaajabu. Sisi tuna wataalamu, tuna magari, na hatujapata hata paa moja. Wewe peke yako umekusanya mtaa mzima. Tena tumesikia unapima jua kwa kilo."

"Ee... napima, ndiyo."

"Kwa sinia?"

"La bati."

Mgeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wataalamu wetu wamelifikia hilo mwaka huu tu, na wana maabara."

Hapa ndugu msomaji ningependa kukuambia kwamba Kiyoyozi alishtuka. Mtu aliyekanyaga mizani kwa kiatu chake mwenyewe alipaswa kujua uzito unatoka wapi. Lakini kichwa cha binadamu kina mlango wa uani, na mlangoni pale sifa hupita bila kubisha hodi. Kumbe! Kumbe siku zote alikuwa mwanasayansi, na hakuna aliyemwambia. Kifua kilimpanda.

"Tunakupa cheo," mgeni aliendelea. "Mkurugenzi wa Mapaa. Ofisi yako, meza yako, mshahara, na kamisheni ya mara tatu ya ulichokusanya. Jambo moja tu: ada za wateja zipite kwetu leo, ili mtaa wako uingizwe wa kwanza. Ipo mitaa mingine inangoja."

Dada akanyanyua uso. Alikuwa ametulia sana. "Ndugu yangu, hizo pesa si ulisema za cherehani? Kwa nini usininunulie kwanza, hayo mengine yafuate?"

"Dada, umesikia mara tatu?"

"Nimesikia. Shule zinafunguliwa."

"Nitakununulia tatu! Utaajiri wasichana! Dada yangu, subiri kidogo tu. Mimi ni Mkurugenzi."

Dada akainamia kitambaa. "Sawa," akasema. Akainuka, akaleta chai, akamwekea mgeni.

"Ahsante sana," mwenye miwani akasema, akikisogeza kikombe pembeni. "Daktari amenikataza sukari."

"Haina sukari."

"Amenikataza na maji ya moto."

Kiyoyozi alimwonea huruma kweli kweli. Maskini, akafikiri, ugonjwa wetu ni mmoja! Akamkabidhi mkoba kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka barabarani, akamshikia mlango wa teksi.

"Jumatatu asubuhi," mgeni alisema dirishani. "Ofisi ya muda iko juu ya paa la bekari. Njoo na mizani."

Jumapili yote alifanya mazoezi ya saini. Jumatatu aliamka amependeza, dada hayupo, akadhani kaenda sokoni. Akaweka mizani kwapani. Akiwa anatafuta viatu, akaona kikombe cha mgeni bado kipo juu ya meza, kimejaa pomoni, utando umeshika juu. Akakitazama. Akakaa chini kiatu kimoja mkononi.

Daktari amenikataza sukari. Amenikataza na maji ya moto.

"Mama yangu wee," akasema Kiyoyozi.

Alikimbia na soksi moja. Njia nzima alijiambia labda si hivyo, labda mwanamke wa watu ni mgonjwa tu, magonjwa yapo. Akapanda ngazi za bekari mbili mbili, akatokea juu, na mtaa mzima ulikuwa pale.

Bwana Risiti alikuwepo, na mwenye duka la dawa, na mwenye magodoro, na kinyozi na wembe wake. Mwenye miwani alikuwepo pia, bila miwani, amevaa aproni ya bekari, anakata mkate. Katikati ya paa, mafundi wawili walikuwa wanakaza skrubu za mwisho kwenye paneli, paneli za kweli, nyeusi, zinameremeta, zimejipanga upana wote wa paa. Na kivulini chini ya paneli hizo dada yake alikuwa ameketi mbele ya cherehani ya umeme iliyochakaa, ya kukodi, inavuma trrrr, sare zinashuka upande wa pili moja baada ya nyingine.

"Karibu, Mkurugenzi," Bi Mkubwa akasema. "Huyu ni mkwe wangu. Anauza miwani kule mjini."

Mizani ikamponyoka Kiyoyozi kwapani, ikaanguka waridi juu.

"Mtu analowa jasho vile na anakataa maji ya mtungi!" Bi Mkubwa akaendelea. "Nikasema huyu ama anakufa, ama ananiibia. Nikawasimulia wateja wangu habari za mizani yenye waridi. Mmoja wao akaweka mkate wake kaunta, akaenda nyumbani kuchungulia uvunguni."

Kiyoyozi akamgeukia dada yake. Cherehani ikanyamaza.

"Nilikuuliza mbele yake," dada akasema. "Mkoba ulikuwa mkononi mwako. Ungesema 'haya dada, twende dukani', ningemtoa yule mgeni mlangoni, nikaja kuwapigia hawa magoti wakusamehe, nikawalipa sare kwa sare. Ukaniambia nisubiri."

Hilo lilimchoma kuliko mkoba. Alitaka kusema kwamba alishika kitasa cha mlango wa duka, kwamba alilia kwenye kioo. Lilikuwa kweli, na kwa mdomo wake nani angeamini?

"Nipelekeni polisi," akasema.

"Polisi watatuuliza tulilipia nini," mwenye duka la dawa akajibu haraka. Mtu wa sayansi huyo hakutaka neno sinia liandikwe popote.

Ikabidi Bi Mkubwa aeleze. Mkoba ulipofunguliwa, kila mtu alitaka chake arudi nacho, mpaka yeye alipowauliza kama walitaka umeme au walitaka tu kumshinda jirani. Wakaita mafundi wa kweli. Paa la bekari la kwanza, kwa kuwa ndilo pana. Baada yake kiwanja cha magari, paneli juu na magari kivulini.

"Na kivuli changu si cha bure," Bwana Risiti akadakia. "Kina risiti yake."

"Paneli zinataka kufutwa vumbi kila asubuhi," Bi Mkubwa akasema, "la sivyo hazizai. Hiyo ndiyo kazi yako. Ujira wako haupiti mkononi mwako, unakwenda kwa dada yako, mpaka ile cherehani ya dirishani iwe yake."

Wakati huo huo birika la umeme pembeni likaanza kutoa mvuke. Mafundi walikuwa wameunganisha waya, na mtaa wote ukapiga kelele kwa furaha. Kinyozi alicheza peke yake, wembe juu. Bi Mkubwa akamimina kikombe, akaweka sukari vijiko vitatu, akakoroga, akamnyooshea Kiyoyozi.

"Chai ya kwanza ya jua la kilo saba. Kunywa, mwanangu. Leo huna unachotuibia."

Kiyoyozi akakipokea. Watu wote wanamtazama, na dada yake anamtazama kuliko wote.

"Na daktari je?" akauliza mkwe wa Bi Mkubwa.

"Amefariki," akasema Kiyoyozi, akanywa.

Paa zima lilicheka, Bwana Risiti akakaa chini kwa kicheko, dada naye akaficha uso kwenye sare, mabega yakimruka. Ilikuwa chai tamu ajabu. Alikuwa ameifikisha chini kabisa, analamba sukari iliyobaki, ndipo alipoyakumbuka maneno ya aliyemfundisha kazi. Akawatazama mmoja mmoja: bekari, dawa, magodoro, kinyozi, hata Bwana Risiti. Chumvi ya mtaa mzima, kwa kikombe kimoja. Hakuna mfuko hata mmoja hapo ambao mkono wake ungeweza kuingia tena.

Dada yake alikuwa amekwisha simama, ndoo mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili.

"Anzia upande ule," akasema. "Kuna vumbi."